Kapteni wa Kusukuma

Kisugu, Kampala
12 Machi 2023

Yaya Perpétue, dada yangu mkubwa,

Naanza na mtoto, maana najua ukifungua barua hii macho yako yatamtafuta yeye kwanza. Petu ameota jino la pili na anamuuma mama yake. Juzi alitafuna kipande cha sabuni akacheka. Yule tuliyekuwa tunamchungulia kupitia kioo cha wodi ya watoto njiti, mwenye kilo moja na robo, leo ana kilo nane na nusu, na ukimbeba muda mrefu mkono unakufa ganzi. Victoire anakusalimu na anasema vitenge ulivyompa Jean-Pierre wa lori vimefika vyote, ila kimoja kilinuka samaki. Mimi nipo, bado natengeneza baiskeli na mikokoteni pale soko la Nakawa. Mvua zimeanza.

Utauliza kwa nini siku hizi naandika badala ya kupiga simu. Si wewe uliyesema simu yangu hukatika kila unaponiuliza jambo? Haya, karatasi haikatiki.

Kuna habari. Watu wa wodi ile wanaandaa Siku ya Baiskeli, mwezi wa kumi. Watu watapanda baiskeli kilomita thelathini mjini, wachangiwe, zinunuliwe mashine nyingine za joto za watoto kama Petu. Mwenyekiti ni Mama Adong, polisi mstaafu kutoka kaskazini, ambaye hata akikukaribisha chai unahisi uko kwenye gwaride. Kwenye mkutano aliuliza nani atajitolea kuongoza mazoezi ya wanaoanza, kila Jumamosi. Mimi fedha ya kuchangia sina, Yaya, na wodi ile ilinipa mtoto. Nikasimama nikasema nimefanya kazi na baiskeli miaka kumi na moja. Ni kweli, wewe ni shahidi yangu. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye ndala.

"Basi wewe iko kapteni," akasema. "Kaa chini."

Nikakaa. Tangu siku hiyo wananiita Kapteni. Miaka sita nimekuwa yule Mkongo wa tairi, leo hata mwenye nyumba ananiita Kapteni. Victoire ananicheka, lakini nimemsikia akilitumia jina hilo kwa jirani.

Ndugu yako,
Bisimwa


Sange
Pasaka, 9 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Jean-Pierre alipaki lori mbele ya kanisa, akaniletea barua yako katikati ya ibada, nami nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo nikaisoma huku naimba. Wenzangu wa kwaya wanasema niliimba vibaya mno. Huku Kongo tuko salama. Mpunga umesimama vizuri. Mbuzi wa shemeji yako Heritier amezaa mapacha, na Heritier anazunguka akipokea pongezi kana kwamba amezaa yeye. Mbusu Petu kwenye kila jino, na sabuni iwekeni juu.

Sasa tuzungumze. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mstari mmoja, na haumo. Bisimwa, wewe hujui kupanda baiskeli.

Naandika wazi ili usije ukasema hukunielewa. Miaka kumi na moja ulileta mihogo na makaa kutoka Lemera hadi hapa, nani asiyejua? Kwenda, mlima ni mkali, unasukuma. Kurudi, magunia matatu yamekaa mahali pako, nawe unatembea kando umeshika ile fimbo uliyoifunga kwenye usukani, breki unapiga kwa kisigino. Ndala ngapi ulimaliza! Lakini makalio yako hayajagusa kiti cha baiskeli tangu ukiwa na miaka tisa, siku ile nilipokufundisha ukaangukia kwenye mfereji wa mpunga. Na ile kona uliikata vibaya mwenyewe, tusianze tena.

Je, umewaambia? Victoire anajua? Kama bado, waambie Jumamosi ijayo, ucheke wewe kwanza kabla hawajacheka wao. Nijibu hilo tu, mengine niachie.

Baiskeli ya baba bado imening'inia jikoni, na fimbo yako iko nyuma ya mlango.

Yaya wako,
Perpétue


Kisugu, Kampala
14 Mei 2023

Yaya,

Pole kwa ule wimbo. Hongera kwa mapacha, mwambie shemeji asiwachinje kabla sijaja. Huku mvua imeng'oa ngazi ya udongo mbele ya nyumba, kwa hiyo tunatoka nje kwa kuruka. Petu anasimama akishika ndoo, na ndoo ikisogea analia kama ameonewa.

Umeniuliza mambo mengi. Mazoezi yanaendelea vizuri sana.

Nina wanafunzi kumi na wanane. Wapo walimu wawili, karani, mpishi, na Nabangala, muuguzi wa wodi ile, ambaye mikono yake ndiyo iliyomlisha Petu kwa bomba la sindano. Wengi walipanda baiskeli wakiwa watoto, halafu wakaacha. Jumamosi ya kwanza niliwaambia leo hakuna kupanda, tunasukuma. Tukasukuma kutoka Kisugu hadi juu ya kilima cha Muyenga, tukarudi. Nikawaambia mtu asiyejua uzito wa baiskeli yake hawezi kuamini breki zake. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi, lakini mwalimu mmoja aliyaandika. Wiki ya pili tukasukuma tena. Wiki ya tatu nikawafumba macho wasikilize mnyororo. Wiki ya nne tulifungua magurudumu na kuyarudisha. Mama Adong alikuja kutukagua. Vikundi vingine watu wameanguka, wamechubuka, mmoja amepoteza jino, na kwangu hakuna hata aliyekwaruzwa.

"Hii kapteni iko na mpango," aliwaambia wenzake, akanivisha filimbi shingoni.

Wiki ya tano wakapanda. Nilifunga madumu mawili ya maji, pampu na mipira ya akiba juu ya kiti changu, nikasema lazima mmoja abebe mzigo wa wote. Basi mimi nakimbia nyuma nikisukuma. Kilimani nawapita wote. Kwenye mteremko wananisubiri. Wanasema Kapteni ni mnyenyekevu.

Naomba fimbo yangu. Hii niliyochonga huku inateleza kwenye kiganja. Mpe Jean-Pierre.

Bisimwa


Sange
18 Juni 2023

Mdogo wangu,

Mwandiko umepinda kwa sababu naandika kitandani nimeegemea mto. Si kitu, ni uchovu. Watu wote wazima, mbuzi pia.

Nilipomsomea Heritier habari za kufumbana macho alicheka hadi akatoka nje kutafuta hewa. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaacha, maana swali langu umeliruka kama mnavyoruka huko mlangoni kwenu. Nimeuliza umewaambia, umenijibu mazoezi yanaendelea vizuri. Kwani mimi ni Mama Adong? Siku yenyewe ikifika, kapteni hutangulia mbele. Huko mbele utabeba madumu ya nani?

Fimbo nitaiangalia.

Na nikuulize kidogo. Wanafunzi wako unawaambia mguu upi utangulie? Na mtu akitaka kusimama, anasimamaje bila kuanguka? Ni Heritier anayetaka kujua.

Perpétue


Kisugu, Kampala
30 Julai 2023

Yaya,

Petu anatembea. Hatua nne, anakaa, anajipigia makofi. Victoire mzima. Uchovu gani huo wa kuandika umeegemea mto? Na Heritier ana nini, mbona alipanda baiskeli kabla hajaota ndevu? Mwambie mguu wa kulia. Kusimama sijui, kwa sababu ulisema kweli, mimi sijui kupanda baiskeli. Haya, nimeandika.

Mwezi huu walichapa karatasi za Siku ya Baiskeli, na juu kabisa imeandikwa kwamba Kapteni Bisimwa atatangulia akiwa na bendera. Victoire akanishonea shati jekundu la kuonekana kutoka mbali. Nikaanza kupanga ugonjwa. Nilikuwa nimeshachagua malaria.

Kilichonishinda ni Nabangala. Jumamosi moja juu ya Muyenga alishuka kwenye baiskeli yake akihema, ana miaka hamsini na mitatu, akaniambia alikuwa na woga wa kitu hiki tangu ujana wake, na amepanda kwa sababu anamwamini kapteni asiyeogopa. Yaya, malaria nikaiacha palepale. Nikapuliza filimbi, wakakusanyika wote, na Mama Adong alikuwepo.

"Mimi sijui kupanda baiskeli," nikasema. "Sijui kabisa. Najua kusukuma tu."

Mpishi alidhani ni somo jingine, akafumba macho. Mama Adong akaniuliza kama niliwadanganya, nikasema hapana, nilisema nimefanya kazi na baiskeli. Akasema maneno kama hayo ameyasikia miaka thelathini kutoka kwa wezi. Akanivua filimbi, akaitia mfukoni, na hakucheka hata kidogo. Niliona aibu, Yaya. Niliona nimeshakuwa tena yule Mkongo wa tairi.

Aliyenitetea ni Nabangala. Alisema kama mtu asiyejua amemfundisha yeye akajua, basi yeye anayejua atashindwaje kumfundisha huyu? Wengine wakasema ndiyo, ila aanze na wiki mbili za kusukuma, kama sheria ya Kapteni. Wakabishana, mwishowe wakakubali kuhesabu ile miaka kumi na moja ya kusukuma badala yake. Mama Adong amesema filimbi itakaa mfukoni mwake hadi siku yenyewe. Nikifika mwanzo wa safari nimekaa juu ya kiti, nitaipata. La sivyo bendera inachukuliwa na mwingine.

Victoire nilimwambia jioni ile. Alisema miaka yote alidhani nahurumia tairi.

Kila ninapokaa kwenye kile kiti nauona ule mfereji. Naogopa kwelikweli. Lete fimbo, angalau niishike tu.

Bisimwa


Sange
27 Agosti 2023

Mdogo wangu mpendwa,

Heri yako na mtoto anayejipigia makofi. Huku tumevuna. Gunia moja ni lako, Jean-Pierre akipata nafasi kwenye lori atalileta.

Nilipofika pale uliposema mbele za watu wote kwamba hujui, nililia, halafu nikamsomea Heritier, naye akajifanya ana vumbi jichoni. Filimbi hiyo utaipata. Lakini kabla hujakaa tena juu ya hicho kiti, lipo jambo unalotakiwa kulisikia kutoka kwangu, na nimelikalia tangu mimi nikiwa na miaka kumi na sita.

Kona hukuikata vibaya. Ulikuwa unakwenda vizuri. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma nimeshika kiti, uliniomba nisikuachie, nikaapa kwa jina la mama. Tulipofika kwenye mfereji, Heritier akatokea shambani na jembe begani, na kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimelegea. Nikakuachia ili nijifunge vizuri. Ndiyo hivyo tu. Baba alipouliza, nikasema mtoto huyu hana akili ya baiskeli, na wewe ukaamini kwa sababu ni mimi niliyesema.

Nisamehe, Bisimwa. Umetembea kwa miguu miaka yote hiyo kwa ajili ya kitambaa changu. Heritier anasema hata hakukiona.

Fimbo ina kazi kidogo huku. Usiniulize.

Yaya wako


Kisugu, Kampala
8 Oktoba 2023

Yaya,

Tuko wazima wote, na Petu amejifunza kusema gari, kwa hiyo kila kitu ni gari, hata mimi. Barua yako nilikaa nayo siku mbili nimenuna. Siku ya tatu nilikiwaza hicho kitambaa nikacheka peke yangu sokoni, mteja akachukua baiskeli yake akaondoka. Nimekusamehe. Heritier sijamaliza naye.

Sasa sikia. Nabangala na wenzake walinifundisha wiki tisa kwenye uwanja mmoja karibu na Nakawa, na hawana huruma. Kuanza nilijua. Kwenda mbele nilijua, tena kwa raha, Yaya, upepo ule kumbe watu huupata bure! Kusimama nilijua kidogo, kwa kisigino, kazi yangu ya zamani. Kilichonishinda ni kona. Nikiiona kona, mikono inakauka. Nikawaza, njia ya siku ile imenyooka, kona moja tu ya Bunga ndiyo itanisumbua, na Mungu yupo.

Jumapili tarehe mosi nikafika nimekaa, shati jekundu, bendera imefungwa nyuma. Mama Adong akanizunguka mara mbili kama anakagua gari lililoibiwa. Akatoa filimbi mfukoni, akanivisha. Nikapuliza, tukaondoka. Kansanga tukapita watu wanashangilia. Tukafika Bunga, pale tulipotakiwa kukata kulia kuelekea Munyonyo. Polisi alikuwa katikati ya barabara akinionyesha kulia kwa mikono miwili. Nilimwona vizuri sana. Nilimpungia. Nikaenda mbele moja kwa moja.

Na kundi langu lote likanifuata! Nimewafundisha miezi sita kwamba jicho lisitoke kwa kapteni. Walimu, karani, mpishi, Nabangala, na nyuma yao watu sitini wengine ambao hata siwajui, wote mteremko mmoja hadi Ggaba kando ya ziwa, tukaingia sokoni tukipiga kengele. Kina mama wakanyanyua beseni zao. Nilisimama kwenye lundo la mukene, wale samaki wadogo, ndio ndagala wa huku, wamekauka vizuri, sikuumia. Ziwa lilikuwa hatua ishirini mbele yangu.

Nikakaa katikati ya samaki nikingoja kuvuliwa filimbi. Mama Adong alifika kwenye pikipiki ya polisi. Lakini kabla hajafungua kinywa, mwenye samaki, mama mmoja mnene sana, alikuwa anamuuliza Nabangala haya yote ni ya nini. Nabangala akamweleza habari ya watoto wa mashine za joto. Yule mama akasema wa kwake alikuwa hivyo, na hapakuwa na mashine. Akavua kilemba chake, akakizungusha sokoni mwenyewe, kibanda kwa kibanda, hadi kwenye boti. Kikarudi kimejaa fedha, na soko lile halikuwa hata kwenye mpango wetu.

Mama Adong akakitazama kile kilemba, akanitazama mimi.

"Mwaka kesho," akasema, "tunapitia hapa. Lakini wewe itajifunza kona."

Filimbi ninayo. Ninanuka ndagala hadi leo.

Sasa zamu yako. Jean-Pierre ameniambia anakuona ukitembea na fimbo yangu, polepole, tangu mwezi wa sita. Yaya, umefanya nini? Mbona huniambii? Karatasi haikatiki.

Bisimwa


Sange
5 Novemba 2023

Mdogo wangu Kapteni,

Barua yako imesomwa mbele ya kwaya nzima, mimi nimesimama, na pale pa kumpungia polisi ilibidi tupumzike. Mwambie Petu shangazi yake pia ni gari, gari bovu.

Jean-Pierre mdomo wake hauna breki. Haya, nitasema. Ile barua yako ya mwezi wa tano ilinikaa moyoni. Nikajiambia, mimi ndiye niliyemharibia, basi mimi ndiye nitakayemwelekeza, na siwezi kuelekeza nisichokijua, maana wewe ulifikiri najua na mimi mwenyewe sikuwahi kupanda. Nilikuwa nashika kiti tu. Nikaishusha baiskeli ya baba jikoni. Nikaivuta hadi barabarani siku ya soko, wakati watu wote wapo kwenye soko, mama wa kwaya mwenye miaka hamsini na kitu, nikajifunga kitenge vizuri na kukaa. Nilikwenda, Bisimwa! Nilikwenda mbali. Nikafika kwenye kona ya mfereji, nikaingia ndani pamoja na baiskeli, na kifundo cha mguu kikavunjika. Heritier alinitoa akiwa na jembe lile lile begani. Sikukuandikia kwa sababu ungeacha.

Mguu umepona, nachechemea kidogo asubuhi tu. Baiskeli imenyooshwa, na Heritier ameitia mafuta.

Fimbo sikuletei. Ifuate mwenyewe wakati wa Noeli, na Victoire, na gari dogo. Shuka Uvira, nitamtuma Heritier akupelekee baiskeli ya baba hapo, uje nayo umekaa. Barabara imenyooka hadi karibu na nyumbani, kona ni ile moja. Usiogope. Nitakuwa nimesimama pale kwenye ukingo wa mfereji na fimbo yako mkononi, na kitambaa nitakuwa nimeshakifunga tangu nyumbani.

Yaya wako,
Perpétue